Nasaba ya Gari: Jinsi ya Kufuatilia Asili ya Magari Yaliyoundwa Kabla ya Uzalishaji

Assalamu alaykum, na shikamooni wazee wetu. Mafundi mliotoka gereji za Shimanzi, Changamwe na Miritini, madereva, na nyinyi vijana mnaopenda magari ya zamani, nawashukuru kwa kuacha shughuli zenu jioni ya leo. Nimeombwa nieleze jinsi asili ya gari nadra inavyofuatiliwa, hasa lile lililoundwa kabla kiwanda hakijaanza kuuza, na nimekubali kwa moyo wote, kwa sababu naamini kwamba ushahidi wa namna hii unapotea kwa wingi katika miji ya bandari kama Mombasa yetu, tena unapotea mikononi mwa watu wema wanaofanya kazi yao vizuri.

Gari jipya halizaliwi mara moja. Wahandisi huanza na gari la majaribio, ambalo huenda likaunganishwa kwa vipande vya magari mengine ili wajue tu kama wazo lao linatembea. Wakisharidhika, kiwanda huunda kundi dogo la magari ya awali, yanayofanana sana na lile litakalouzwa lakini yaliyokamilishwa kwa mkono, ili kupima kama vipande vinaingiana, kama mitambo inatosha, na kama wafanyakazi wataweza kuyaunganisha kwa kasi inayotakiwa. Kazi hiyo ikiisha, mengine huvunjwa, mengine huchukuliwa na wafanyakazi wa kiwanda, na mengine huuzwa kimyakimya kwa bei ya gari kuukuu. Wenye kiwanda wenyewe hawakuyaona kuwa hazina. Waliyaona kuwa vifaa vya kazi vilivyokwisha kutumika, na ndiyo maana historia zake hukatika mapema kuliko historia ya gari la kawaida lenye mnunuzi, risiti na tarehe.

Mfano ulio karibu nasi zaidi ni Land Rover, gari ambalo hakuna asiyelijua kuanzia Kwale hadi Lamu. Baada ya Vita Vikuu vya Pili chuma cha pua na chuma cha kawaida vilikuwa vikigawiwa kwa kibali nchini Uingereza, na kampuni ya Rover pale Solihull ilihitaji kitu cha kuuza nje ya nchi. Mhandisi wake mkuu, Maurice Wilks, alikuwa na shamba katika kisiwa cha Anglesey, Wales, ambako alikuwa akitumia Jeep iliyoachwa na jeshi, na kutokana na Jeep hiyo likamjia wazo la gari la shambani lenye bodi ya aloi ya aluminiamu, kwa kuwa aluminiamu ilipatikana kwa urahisi zaidi. Gari la kwanza la majaribio la mwaka 1947 lilitumia chesisi ya Jeep, yaani fremu ya chini inayobeba gari zima, na usukani wake ulikuwa katikati. Kisha likafuata kundi la magari ya awali 48, na tarehe 30 Aprili 1948 Land Rover ikaonyeshwa hadharani kwa mara ya kwanza katika maonyesho ya magari ya Amsterdam.

Katika hayo 48, la kwanza kabisa, lenye namba ya usajili HUE 166, limehifadhiwa hadi leo na linajulikana vyema. Lakini miongoni mwa magari matatu ya awali yaliyopelekwa Amsterdam lilikuwepo moja lenye usukani wa kushoto, linaloitwa L07, ambalo lilitoweka. Lilionekana barabarani kwa mara ya mwisho katika miaka ya 1960, likakaa miaka 20 katika uwanja wa majani huko Wales, likanunuliwa na mtu aliyekusudia kulifufua, kisha likalala bila kumalizwa katika bustani ya nyumba iliyo maili chache tu kutoka Solihull, mahali lilipoundwa. Mapema mwaka 2018 kampuni ilitangaza kwamba limepatikana na kwamba litarudishwa katika hali yake ya mwaka 1948, baada ya wataalamu kutumia miezi mingi katika nyaraka za kiwanda wakiunganisha mwenye gari mmoja na mwenye gari aliyefuata.

Naomba tusimame hapa kidogo, maana kisa hiki hukaririwa kama bahati njema, ilhali ndani yake mna somo la ufundi. Magari yale 48 yalikuwa na mambo ambayo hayakuendelea katika magari yaliyouzwa baadaye: mabati ya aluminiamu mazito zaidi, chesisi iliyochovywa katika zinki ili isishike kutu, na sanduku la nyuma linaloweza kutolewa lote. Mtu akitaka kujua kama mabaki yaliyo mbele yake ni ya kundi lile, hana haja ya kuanza na hadithi ya muuzaji. Achukue kifaa cha kupimia unene wa bati, akague chesisi kama ina zinki chini ya uchafu, atazame jinsi sanduku la nyuma lilivyofungwa. Mimi nadhani kilichoiokoa L07 ni kwamba yule aliyeinunua ili aifufue hakumaliza kazi. Angeimaliza kwa mtindo wa siku zile, kwa mabati mapya na chesisi nyingine iliyo nzima, tungekuwa na Land Rover nzuri ya kupendeza isiyoweza kutueleza lolote.

Wazee wa Mji wa Kale wanapotaka kujua nasaba ya mtu hawatosheki na jina alilojitajia. Huuliza mama yake ni nani, alizaliwa mtaa gani, na nani alihudhuria harusi ya babu yake, mpaka majibu ya watu wasiojuana yakutane mahali pamoja. Gari nalo huulizwa hivyo hivyo, na mashahidi wake ni watatu: chuma, karatasi na watu. Kwa maoni yangu chuma ndicho kitangulie, kwa sababu karatasi inaweza kuhamishwa kutoka gari moja hadi jingine, na mtu anaweza kusahau au kutamani, lakini chuma kilichopigwa muhuri mwaka fulani hubaki na mwaka wake.

Chuma husema kwa njia nyingi. Kibati cha namba kilichofungwa kwa riveti ni ushahidi dhaifu, kwa kuwa riveti hung'olewa na kibati kikapelekwa kwingine. Namba iliyogongwa kwenye chesisi yenyewe ina nguvu zaidi, nayo yafaa isafishwe kwa brashi laini na mafuta ya taa, kamwe si kwa grainda, kisha imulikwe kwa tochi kutoka ubavuni ili kivuli kionyeshe mikwaruzo iliyofifia, na nakala yake ichukuliwe kwa kuweka karatasi juu yake na kusugua penseli. Hata namba iliyofutwa kwa makusudi haijafa mara moja, kwa sababu muhuri unapogongwa huibana metali hadi chini ya kile tunachokiona, na wataalamu wa uchunguzi wa jinai hutumia asidi kuifanya sehemu hiyo iliyobanwa ionekane tena. Fundi akipitisha grainda kwa kina, hata asidi haitasaidia.

Zaidi ya namba, kuna jinsi kipande kilivyotengenezwa. Kiwanda kinachotaka maelfu ya vipande vya kusubu hugharimia kalibu za chuma, ambazo hutoa kipande laini chenye kingo safi; lakini kwa magari machache ya awali haifai kutumia fedha zote hizo, hivyo vipande vingi husubiwa katika kalibu za mchanga, na ngozi ya kipande hubaki na chembechembe ambazo kidole huzihisi. Mabano hukatwa kwa msumeno wa mkono, matundu hayalingani kushoto na kulia, na vipande havina namba ya spea, kwa sababu kitabu cha spea kilikuwa hakijaandikwa. Vioo vya Uingereza vya chapa ya Triplex vina nukta ndogo karibu na maandishi yake ambazo humwonyesha ajuaye kioo kilitengenezwa mwaka gani na robo ipi ya mwaka. Tabaka za rangi nazo husomwa kwa kuparua mahali padogo pasipoonekana, nyuma ya dashibodi au chini ya kiti, mpaka rangi ya kwanza ijitokeze. Hakuna alama moja kati ya hizi inayotosha peke yake, lakini zikikubaliana sita au saba, na zikakubaliana pia na daftari la kiwanda, mtu anaweza kusema kwa dhamiri safi.

Kuna wakati ambapo karatasi iliandikwa kwa nia ya kuficha. Kabla Range Rover haijatambulishwa mwezi Juni 1970, magari yake ya awali yalibandikwa herufi za VELAR kwenye pua na kusajiliwa kwa jina hilo, kwa namba za mfululizo wa YVB, ili mwandishi wa habari atakayekutana nalo barabarani asijue ni la nani. Gari la chesisi namba 1, YVB 151H, lilisajiliwa tarehe 2 Januari 1970, likiwa la rangi ya kijani cha zeituni, na mwaka uliofuata likauzwa kwa mtu binafsi. Baadaye lilipakwa rangi ya dhahabu na kufungwa vipande vya kisasa zaidi, hata likafanana na Range Rover yoyote nyingine iliyochoka. Ilipita miaka kadhaa zaidi kabla ya kutambuliwa kuwa ndiyo ya kwanza ya jamii yake yote, na mwaka 2014, ikiwa imerudishwa rangi yake ya mwanzo, ikauzwa mnadani kwa pauni 132,250. Mtu aliyefuata jina lililo kwenye karatasi angeitafuta kampuni ya Velar bila kuifikia Range Rover. Aliyefuata namba ya chesisi alifika.

Ujerumani nako kuna kisa kinachofundisha jambo hilo hilo kwa upande mwingine. Porsche 911 ilionyeshwa Frankfurt mwaka 1963 kwa jina la 901, lakini kampuni ya Peugeot ikalalamika kwamba majina ya tarakimu tatu yenye sifuri katikati ni yake, na mwaka 1964 jina likabadilishwa baada ya kuundwa magari 82. Mwaka 2014 watu wa kipindi cha televisheni waliliarifu jumba la makumbusho la Porsche kwamba kuna magari mawili ya zamani katika ghala la shamba huko Brandenburg. Moja lilikuwa limeliwa na kutu vibaya, madigadi ya mbele hayapo, lakini namba yake, 300 057, ilionyesha kwamba ni moja ya yale ya 901. Jumba lililinunua, likalifanyia kazi kwa miaka mitatu kwa kutumia vipande vya magari mengine ya wakati ule ule, na mwishoni mwa mwaka 2017 likalionyesha kwa umma. Laiti kipande kile chenye namba kingekatwa na kuuzwa kwa kilo, yaliyobaki yasingekuwa na jina.

Na kwa wapenzi wa Toyota, ambao humu ukumbini najua ndio wengi, nitaje tu kwamba kampuni hiyo yenyewe haikuwa na hata moja ya Toyoda AA, gari lake la kwanza la abiria lililotengenezwa kuanzia mwaka 1936, ikalazimika kujiundia la mfano. Mwaka 2008 ikapatikana moja upande wa Vladivostok, Urusi, usukani wake umehamishwa kushoto na vipande vya magari ya Kirusi vimefungwa ndani yake. Sasa imo katika jumba la makumbusho la Louwman nchini Uholanzi, na wenye jumba wameiacha kama ilivyopatikana. Nawapongeza sana kwa uamuzi huo, kwa sababu yale marekebisho ya mkulima wa Kirusi ni sehemu ya maisha ya gari lile.

Sasa nirudi nyumbani. Mombasa ina ugumu wake, na ugumu huo una sababu ya kikemia. Aluminiamu ya bodi ya Land Rover haishiki kutu kama chuma, lakini chesisi yake ni ya chuma, na hewa yetu ina chumvi mwaka mzima. Zaidi ya hayo, pale aluminiamu inapogusana na chuma penye unyevu wa chumvi, metali moja huila nyingine. Matokeo yake mnayajua kuliko mimi: bodi inabaki ikisimama, chesisi inaoza chini yake. Mwenye gari hutafuta chesisi nyingine, fundi huhamisha bodi na injini, na ile mbovu hukatwakatwa na kwenda kwa wanunuzi wa vyuma chakavu. Ni kazi halali, tena ya kiuchumi, na gari hurudi barabarani. Lakini namba ilikuwa kwenye chesisi, na kuanzia siku hiyo gari lina bodi ya asili moja, chesisi ya asili ya pili, na logibuku inayosema asili ya tatu. Mtafiti atakayekuja baada ya miaka 30 atakuta kitendawili, na kitendawili hicho kilitengenezwa kwa mchana mmoja bila mtu yeyote kukusudia ubaya.

Ombi langu kwa mafundi ni hili: kabla ya kukata, pigeni picha. Simu mliyo nayo mfukoni inatosha. Pigeni picha ya namba ya chesisi, namba ya injini, ya giaboksi, kibati cha namba kilicho kwenye ukuta unaotenga injini na dereva, na kila kipande kinachoonekana hakifanani na vile mlivyozoea kuviona kwenye magari ya aina hiyo. Nyinyi mmefungua mamia, macho yenu yanajua kisicho cha kawaida kabla ya kitabu chochote. Kisha kipande cha chesisi chenye namba, ambacho kwa Land Rover nyingi za zamani ni kile cha mbele karibu na springi, kisiuzwe pamoja na vingine. Kiko kidogo, kitakaa chini ya benchi bila kumsumbua mtu. Kwa upande wangu naamini kwamba utambulisho wa gari unafuata chesisi, na wapo wataalamu watakaobishana nami wakisema unafuata sehemu kubwa zaidi iliyobaki pamoja. Lakini hata wao hawataweza kubishana lolote kama kipande kile kimeyeyushwa.

Kuna pia suala la magari yaliyounganishwa hapa nchini. Kiwanda cha Thika kilianzishwa mwaka 1974 kikiitwa Leyland Kenya, na hapa kwetu tuna kiwanda cha kuunganisha magari cha Miritini, ambapo magari huja yakiwa vipande ndani ya makasha na kuungwa na mikono ya watu wa Pwani. Katika Land Rover za miaka ya 1960 na 1970, tarakimu tatu za mwanzo za namba ya chesisi huonyesha, miongoni mwa mambo mengine, kama gari lilitoka Uingereza likiwa zima au likiwa vipande, na usukani wake uko upande gani. Anayetaka cheti cha asili anaweza kuandikia jumba la makumbusho la magari la Gaydon, Uingereza, linalotunza madaftari ya viwanda vya zamani vya nchi hiyo, lakini kwa gari lililokuja kwa kasha, nusu ya historia yake iliandikwa huku: katika hati za forodha za Kilindini, katika daftari la usajili ambalo sasa liko chini ya NTSA, mamlaka ya taifa ya usafiri na usalama barabarani, katika matangazo ya wauzaji yaliyochapishwa na gazeti la zamani la Mombasa Times, na katika mafaili ya makampuni ambayo warithi wake wanaona ni takataka za kujaza stoo. Nimeona watu wakitafuta asili ya gari la Pwani kwa kuandika barua Ulaya peke yake, na nadhani wanauliza shahidi mmoja tu katika kesi yenye mashahidi wengi.

Kuhusu kufufua gari likishatambuliwa, nina msimamo. Land Rover ya kwanza katika hesabu ya magari ya kuuzwa, JUE 477, yenye chesisi namba 860001, ilikaa kwa miongo kadhaa uwanjani kaskazini mwa Uingereza, na walioifufua waliacha mbonyeo zake na rangi yake iliyochakaa pale ilipowezekana, wakatengeneza kile tu kilichohitajika ili itembee. Huo ndio mfano ningependa tuufuate. Rangi mpya inayong'aa hupendeza katika picha za harusi, lakini kila inapopakwa kuna tabaka lililoparuliwa, na tabaka hilo huenda ndilo lililokuwa na jibu.

Nimeliacha kwa mwisho jambo ambalo liko moyoni mwangu kuliko yote niliyoyasema. Kenya nayo ina magari yake ya awali. Mwaka 1986 Rais Daniel arap Moi alikitaka Chuo Kikuu cha Nairobi kiunde gari la Kenya, na kutokana na agizo hilo yakaundwa magari matano ya Nyayo Pioneer, yaliyotambulishwa Kasarani mwaka 1990. Yalifika mwendo wa kilomita 120 kwa saa. Kampuni ikaundwa ili iyatengeneze kwa wingi, fedha hazikupatikana, na taasisi hiyo baadaye ikawa Numerical Machining Complex, inayotengeneza vipande vya mashine. Tumezoea kuyataja magari yale kwa masikitiko au kwa mzaha, na mimi sikubaliani na desturi hiyo. Ni magari ya awali kwa maana kamili ya neno: yaliundwa kwa mkono na Wakenya ili kiwanda kifuate, na kila kosa la kuchomelea lililomo ndani yake ni alama ya mtu aliyekuwa akijaribu jambo kwa mara ya kwanza nchini mwake.

Kwa L07 watafiti walibaki na madaftari pekee, maana wengi wa walioiunda hawakuwepo tena wa kuulizwa. Kwa Nyayo Pioneer bado tuna watu, ingawa umri unawaendea. Nawaomba vijana mlioko hapa, kama mna baba, mjomba au mzee wa jirani aliyefanya kazi katika mradi ule au katika karakana yoyote iliyotengeneza vipande vyake, mwendeeni na simu ya kurekodia, kwa heshima, na msianze kwa kumwuliza tarehe. Mwulizeni kipande kipi kiliwasumbua zaidi kukiunda na walikiunda kwa kifaa gani, kwa sababu swali hilo humrudisha fundi karakanani upesi, na rekodini jibu lake lote kabla hamjamwonyesha picha yoyote, ili anayoyakumbuka yasichanganyike na yale tunayotaka ayakumbuke.